Venansi na Ubeti wa Tatu

Kwenye kibaraza cha mafundi cherehani pale sokoni Gitega, nchini Burundi, yupo fundi mmoja ambaye wateja wake hupimwa mara mbili, wakati mwingine tatu, na hawakasiriki. Anaitwa Venansi. Anakuzungushia utepe kiunoni, anasoma namba kwa sauti, anageuka kuchukua chaki, na katika hatua hizo mbili namba imeshamtoroka. Inabidi akurudie. Ukimuuliza ana shida gani, atakujibu bila aibu kwamba kichwani hamna nafasi, kumejaa nyimbo.

Wala hatanii. Alivushwa mpaka wa nchi akiwa mgongoni mwa mama yake, kabla hajaota jino, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi huko Tabora, nchini Tanzania. Huko redio ndiyo iliyomlea. Kila wimbo wa dansi uliopigwa miaka ya themanini ulimwingia na haukutoka tena. Anajua ubeti wa kwanza na wa pili, anajua kiitikio, anajua mahali gitaa linapoingia, na anajua hata yale majina ya wafadhili ambao mwimbaji huwasalimia katikati, wao na wake zao na watoto wao. Alirudi Burundi mwaka 2009 na mke, watoto, cherehani moja na mzigo huo wa nyimbo. Cherehani imeshabadilishwa mara mbili. Nyimbo ni zilezile.

Ambacho hajui ni kila kitu kingine. Namba ya simu yake hajui. Namba ya siri ya kutolea pesa aliiandika ukutani nyuma ya mlango, kisha akapaka ukuta chokaa kwa ajili ya Krismasi. Siku alipoulizwa na karani wa ofisi ya serikali ya komini tarehe za kuzaliwa watoto wake, alijibu kwamba Riziki, yule wa kwanza, alizaliwa mwaka ule uliotoka wimbo wa mpiga tarumbeta, na akataka kuuimba ili karani akumbuke. Karani alimwomba aende akamlete mama watoto.

Mama watoto ni Letisia. Yeye ndiye anayeshika daftari la vipimo vya wateja tangu mwaka ule Venansi aliposhonea kwaya nzima ya kanisa sare zenye ukubwa mmoja, ukubwa wa mtu mmoja mnene anayeimba besi. "Mungu alikupa kichwa uweke mambo," humwambia, "wewe ukaweka bendi." Venansi hucheka. Kwa miaka mingi lilikuwa jambo la kucheka tu, mpaka lilipokuja suala la Elikana.

Elikana ni mtoto wa Yakobo, kaka yake Venansi, aliyefariki kulekule Tabora wakati Elikana ana miaka minane. Yakobo hakuacha mali. Aliacha mtoto, na neno moja kwa mdogo wake: siku mwanangu atakapooa, wewe ndiye utakayesimama. Venansi aliitikia. Hilo, kwa mshangao wa wote, hakulisahau hata siku moja. Alimlea Elikana, akamsomesha, akamfundisha cherehani, kijana akaipenda zaidi kazi ya umeme wa nyumba, akamwacha aifanye. Sasa Elikana alikuwa amempata binti wa Gashoho, mkoani Muyinga, mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Providence, na familia ya binti ilikuwa imekubali kuwapokea watu wa posa.

Posa ya huku haiendi kimyakimya. Pande mbili hukaa zikitazamana chini ya maturubai, kila upande na msemaji wake, na wasemaji hao hupambana kwa Kirundi kile cha juu, cha mafumbo na heshima, ambacho hakisemwi sokoni wala nyumbani. Baba wa binti hafungui mdomo, husemewa. Kusoma kwenye karatasi ni fedheha. Msemaji akikosea hutozwa faini ya kreti ya bia na watu hucheka, lakini akikosea sana hawacheki. Huambiwa arudi baada ya mavuno, akajifunze kuomba.

Kirundi cha Venansi kilikuwa cha nyumbani, cha lete chumvi na funga mlango. Basi kwa Jumapili tatu alipanda kwenda Giheta kwa mzee Thomas, msemaji mashuhuri aliyekwisha kuombea nusu ya maharusi wa kule, ili afundishwe. Thomas alimpangia hotuba fupi: kwanza salamu kwa wazee, kisha jina la babu wa binti, ambaye ni Ndabahagamye, kisha mfano wa mchungaji aliyefuata ng'ombe wake mpaka zizi la jirani, halafu ombi lenyewe. Jumapili ya kwanza Venansi aliishika yote. Ya pili ilikuwa imebaki salamu. Ya tatu alimweka ng'ombe mahali pa babu.

"Mwanangu," alisema mzee Thomas, "huna mtu mwingine wa kumtuma?"

"Sina," alisema Venansi. "Na hata ningekuwa naye, nisingemtuma."

Siku yenyewe iliangukia Jumamosi. Gari lilikuwa la Baguma, jirani yao wa mtaa wa Yoba, Mkongomani wa Kivu ya Kusini anayefanya biashara ya vitenge, ambaye alikuwa ameweka petroli, iliyokuwa adimu, kidogo kidogo kwenye madumu tangu mwezi uliopita kwa ajili ya safari hiyo. Wazee wengine wa ukoo walikuwa wametangulia Ijumaa. Kwenye gari walikuwa Baguma, Venansi, Letisia na Elikana, pamoja na kreti za bia zilizopangwa mpaka kwenye dirisha la nyuma.

Tangu Gitega mpaka Karuzi Venansi alikuwa akinong'ona. Letisia alimsikiliza akihesabu kwa vidole: salamu, babu, ng'ombe, ombi. Baada ya Karuzi vidole vilibaki vinne lakini mnong'ono ulikuwa umepata mdundo, na mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga sakafu ya gari.

"Baba Riziki," alisema Letisia, "hiyo ni hotuba au ni ule wimbo wa stesheni?"

Venansi akaacha. Ulikuwa wimbo wa stesheni.

"Mzee Venansi, we iko na radio ndani ya kichwa, kweli, vraiment," alisema Baguma. "Mi nakuambia, wakikufungua hapo watakuta betri."

Elikana hakucheka. Alikuwa ameketi kiti cha dereva kikimgusa goti, shati lake jeupe limefungwa mpaka kifungo cha mwisho, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepeleka bahati yake ikapimwe na fundi huyuhuyu.

"Baba mdogo," alisema taratibu, "babu yake anaitwa nani?"

"Ndabahagamye," alijibu Venansi haraka, na gari zima likapumua.

Walifika Gashoho mchana, wamechelewa kidogo kwa sababu ya mvua, na hilo peke yake likawapa wenyeji kisa cha kwanza cha kuwachokoza. Maturubai mawili yalikuwa yamefungwa uani, viti vimejaa. Upande wa binti, mbele kabisa, alikaa msemaji wao Kasiano, mjomba wa mama yake Providence, mzee aliyezaliwa kwenye kilima kile na hajawahi kulala nje ya mkoa. Nyuma yake alikaa Nazario, baba wa binti, mwembamba, kimya kama desturi inavyotaka. Kiti cha kando yake kilikuwa kitupu na kimetandikwa kitambaa. Mkewe Imelda alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita.

Kasiano alifungua. Aliongea kwa Kirundi kilichonyooka, akauliza hawa wageni ni akina nani, wametokea wapi, na ni mvua gani iliyowasukuma mpaka ua wa watu wasiowajua. Watu wakapiga makofi. Kisha akakaa, na macho yote yakamgeukia Venansi.

Venansi alisimama. Akatoa salamu, zikatoka nzuri. Akafungua mdomo aseme jina la babu, na babu hakuwepo. Alimtafuta. Akamtafuta ng'ombe, naye hayupo, wala mchungaji. Alimwona Elikana, mikono katikati ya magoti, na katika uso ule akamwona Yakobo, na hofu ikamshika kwelikweli, si ya aibu tena bali ya kumwangusha marehemu mbele ya watu.

Na hapo, kwa kuwa mdomo haukubali kukaa wazi bila kitu, ukachukua kilichokuwa karibu.

"Tumefika kabla jua halijachomoza," alisema kwa Kirundi chake cha nyumbani. "Shati tumepiga pasi, viatu tumeving'arisha. Tumemuuliza kila msafiri, ni nani aliyemwona mwenzetu. Kiti chake tumekipangusa kwa leso, aje akae apumzike."

Chini ya maturubai pakatulia. Kasiano aliinua kichwa. Haya hayakuwa mafumbo aliyoyazoea, lakini yalikuwa mafumbo.

Venansi alisikia ule utulivu na akapata nguvu. "Hata akichelewa, tutangoja," aliendelea. "Hata mvua ikinyesha, tutangoja. Wengine watachukua watu wao waende zao, sisi taa yetu haitazimwa."

Wanawake wa upande wa binti waliguna kwa kuridhika. Mzee mmoja akasema polepole kwamba huyu anajua kuomba. Letisia peke yake ndiye aliyekuwa ameinamisha kichwa na kufunika macho kwa kiganja, maana ule ulikuwa wimbo wa stesheni, mstari kwa mstari, na mumewe alikuwa akiutafsiri huku akienda. Ni wimbo wa mwanamume aliyeenda kumpokea mkewe kwenye treni ya kutoka Kigoma.

Pengine angefika mwisho salama. Lakini kutoka nyuma ya Kasiano ikasikika sauti nyembamba ya kiume, inaimba kwa Kiswahili, inapanda pale gitaa linapopanda: "Nitangoja, nitangoja, hata reli ikiota majani."

Alikuwa Nazario. Baba wa binti, ambaye hatakiwi kufungua mdomo.

Kasiano aligeuka, akamtazama, kisha akamgeukia Venansi, na kidogo kidogo akaelewa. "Huu ni wimbo?" aliuliza.

Venansi hakuweza kusema uongo. "Ni wimbo, mzee."

"Wa kanisani?"

"Wa dansi."

Kasiano alivua kofia akaiweka gotini. Alisema, bila kupandisha sauti, kwamba amewaombea watu wake na kuwajibia tangu ujana, na ameona wasemaji waliolewa pombe, na mmoja aliyelala akiwa amesimama, lakini hajaona mtu aliyekuja kuomba mtoto wa watu kwa maneno ya kwenye baa. Kama ni mzaha, wamekosewa heshima. Kama si mzaha, basi wageni hawako tayari. Kwa vyovyote, kreti moja haitoshi. Afadhali warudi nyumbani, wajipange, wakutane baada ya mavuno.

Elikana alifunga macho. Venansi alibaki amesimama, mikono imelegea, na kila wimbo aliowahi kuujua aliuchukia.

"Mjomba," alisema Nazario, "niruhusu."

Kasiano alikunja uso, lakini kimila makosa yalikuwa yameshakuwa mengi kiasi kwamba moja zaidi halikuwa kitu. Akapunga mkono.

Nazario alisimama. Alimwambia Venansi kwa Kiswahili cha Tanzania, kile kilichonyooka, na vijana wakawa wanawanong'onezea wazee tafsiri. "Mwenzangu, mimi nilikulia makazi ya Mishamo. Kwenu?"

"Ulyankulu, Tabora," alisema Venansi.

"Basi unajua. Redio kwetu ilikuwa moja, ya mwenyekiti. Aliiweka dirishani jioni, sisi tukikaa nje. Wimbo huo ulikuwa unakuja mwishoni mwa kipindi, na kila ukiisha ubeti wa pili mwenyekiti anaitwa kula, anaiingiza ndani na kuizima ili kutunza betri. Miaka yote ile nimesikia beti mbili." Alitabasamu kidogo. "Ndizo nilizomwimbia mama yake huyu binti, siku nilipomtaka. Na baada ya hapo miaka yote. Tukilima, tukirudi huku, hata alipougua. Nikimaliza beti mbili ananiuliza swali lilelile: alishuka? Yule mwanamke, alishuka kwenye treni? Namwambia sijui, mwenyekiti alienda kula. Tunacheka." Akakitazama kile kiti kitupu. "Sijawahi kukutana na mtu anayejua ubeti wa tatu. Wewe unaujua. Nimekuona, unaujua. Alishuka?"

Venansi aliujua ubeti wa tatu vizuri kuliko jina la mtaa wake. Treni inaingia, sanduku linashushwa, mwenyewe hayumo. Amelituma na barua, na mwanamume anarudi nyumbani peke yake na sanduku kichwani, tarumbeta zinalia mpaka mwisho. Katika maisha yake yote hakuwahi kubadilisha neno la wimbo wa mtu. Aliwahi kugombana na jirani wiki mbili kwa sababu ya "na" iliyowekwa mahali pa "ya".

Alimtazama Nazario. Kwa macho ya fundi aliona kifungo cha pili cha shati lake, kimeshonwa kwa uzi wa buluu kwenye kitambaa cheupe, uzi umezungushwa ovyo na mtu asiyejua sindano. Hapakuwa na wa kumshonea. Venansi akamhurumia mzee yule kuliko alivyojihurumia mwenyewe dakika moja iliyopita.

"Alishuka," alisema.

"Imba," alisema Nazario.

Basi Venansi akaimba. Alishika sauti ya ule wimbo na kutembea ndani yake bila kujua mguu utakanyaga wapi:

Treni imeingia, mlango wa tatu umefunguka,
Kashuka kwa tabasamu, kitenge kinapepea,
Kaniuliza, umekula? Nikamjibu, nakungoja wewe,
Mzigo nikaubeba, njia nzima tukicheka.

Alipofika pale "umekula", Nazario alikaa chini. Alifuta macho kwa kiganja kizima, mbele ya wakwe, bila kujificha. "Angeuliza hivyohivyo," alisema. "Imelda angeuliza hivyohivyo."

Vijana walikuwa wamemaliza kutafsiri. Kisha kutoka upande wa wageni Letisia akapiga kigelegele kirefu, na upande wa pili wanawake wakakipokea, na ua mzima ukalipuka kwa makofi kiasi kwamba Kasiano alilazimika kungoja mpaka watulie.

"Faini iko palepale," alisema alipopata nafasi. "Na hatujamsikia babu wa binti akitajwa."

"Ndabahagamye," alisema Venansi. Babu alikuwa amerudi mwenyewe, bila kuitwa.

"Ndabahagamye," alikubali Kasiano, akarudisha kofia kichwani. "Nyinyi mliorudi kutoka Tanzania hamtupi raha. Leteni kreti. Mtoto tumewapa."

Providence alitolewa nje na shangazi zake, Elikana akasimama, na kuanzia hapo mambo yakawa kama yanavyokuwa kila mahali: hotuba zisizoisha, wali, nyama, mtungi wa bia ya mtama na mirija yake. Kabla hawajaondoka Elikana alimfuata baba yake mdogo nyuma ya turubai. Alimtaja marehemu Yakobo kwa jina, akamkumbatia.

Jua lilikuwa bado juu walipoiacha Gashoho. Kreti zilizobaki zilikuwa tupu na ziligongana nyuma kila kwenye shimo. Elikana alisinzia. Walipoikaribia Karuzi Baguma akapunguza mwendo.

"Mzee Venansi, imba tena ile ya treni. Ile ya mwisho. Ilikuwa muzuri sana, ile."

Venansi alisafisha koo. Akaanza ubeti wa kwanza, ukaenda. Wa pili, ukaenda. Alipoingia wa tatu likashuka sanduku. Akasita, akarudi nyuma, akaanza upya, na sanduku likashuka tena, na barua yake. Alijaribu mara ya tatu akitafuta kitenge, mlango, chochote, na hakupata hata neno.

"Nimeusahau," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeingia nyumbani akakuta kabati limehamishwa. "Mama Riziki, nimeutunga mwenyewe kwa kinywa changu, saa tatu hazijapita."

Letisia, aliyeusikia ubeti wa kweli kila wiki tangu ndoa yao, na ambaye katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mumewe kwamba mwisho ule anauchukia, alimwekea mkono kwenye goti.

"Uache uende," alisema. "Nazario ameushika."